Mama, Ardhi Ikitikisika Utashika Nini?

Na muuguzi wenu wa Babati

 

Nilikuwa nimekusudia kuandika juu ya kuhara kwa watoto wakati wa mvua, lakini nimeahirisha. Sababu ni swali nililoulizwa siku moja baada ya kikundi chetu cha akina mama kumaliza kikao. Mama mmoja, mjamzito wa miezi saba, alinivuta kando akanionyesha video kwenye simu yake. Ilisema kwamba Afrika inapasuka vipande viwili, na kwamba ufa wenyewe unapita huku kwetu Manyara.

“Dada muuguzi,” akaniuliza, “hivi ni kweli? Mama mkwe anasema ni hukumu ya Mungu. Baba watoto anasema ni uongo wa kwenye simu. Mimi usingizi umenipotea. Nikiwa na mtoto mchanga ndani, ardhi ikatikisika, nifanye nini?”

Nilimjibu maneno machache ya kumtuliza, tukaagana. Lakini njiani nikirudi nyumbani niliona kwamba nimemjibu nusu. Kuna jambo langu mwenyewe ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu, nalo lilihusu swali lile lile. Leo nitalisema, kisha tutazungumza kama tulivyozoea.

Jioni ya Julai 17, 2007

Mwaka 2007 nilikuwa muuguzi kijana, nipo likizo ya uzazi, nimekwenda Arusha kukaa kwa wifi yangu. Binti yangu alikuwa na miezi mitano. Tangu katikati ya mwezi Julai ardhi ilikuwa ikitikisika, mara mchana, mara usiku. Vyombo kabatini vililia, taa ilining'inia ikicheza. Watu wakaanza kulala nje kwa hofu.

Jioni ya tarehe 17 lilikuja kubwa kuliko yote. Nilikuwa chumbani, mtoto amelala kitandani. Nilisikia mngurumo kama lori zito linapita nyuma ya nyumba, kisha sakafu ikasukumwa. Sikumbuki nilipita mlango gani. Nilijikuta uwanjani, miguu mitupu, pamoja na majirani wanaopiga kelele. Wifi yangu alinitazama mikono akaniuliza, “Wifi, mtoto yuko wapi?”

Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Niliporudi ndani ardhi ilikuwa imetulia. Mtoto alikuwa bado amelala, hana hata mkwaruzo. Lakini sanduku la nguo lililokuwa juu ya kabati lilikuwa limeanguka kitandani, kwenye mto wangu, hatua moja kutoka kichwani pake.

Akina mama, nimesomea kuokoa watu, nimekesha na watoto wa wenzangu, na siku ile nilimkimbia wa kwangu. Nimebeba aibu hiyo miaka mingi. Baadaye nilijifunza kwamba hofu ya ghafla huiamuru miguu kabla akili haijaamka, na kwamba mtu hufanya wakati ule kile alichokwisha kukipanga na kukifanyia mazoezi. Mimi sikuwa nimepanga lolote, kwa kuwa sikujua kwamba naishi juu ya ardhi inayotembea. Kwa hiyo tuanze hapo, kwenye kujua.

Ardhi inatembeaje?

Dunia tunayoikanyaga si jiwe moja. Chukua yai la kuchemsha, uligonge kwa kijiko kabla ya kulimenya. Ganda linapasuka vipande, lakini vipande vimebaki mahali pake, vimekaribiana. Ndivyo lilivyo gamba la dunia. Limegawanyika katika vipande vikubwa sana ambavyo wataalamu huviita mabamba. Chini ya mabamba kuna mawe yenye joto kali mno, yaliyolainika kiasi cha kusogea polepole sana, na mabamba yanasogea pamoja nayo.

Mabamba yanapokutana hufanya moja ya mambo matatu. Mengine husukumana, na moja likapanda au kuzama chini ya jingine. Ndivyo milima ya Himalaya ilivyoinuliwa, na ndiko lilikotoka tetemeko la Nepal la Aprili 25, 2015, lililoua karibu watu 9,000. Mengine hupishana ubavu kwa ubavu, kama watu wawili wanaosuguana begani wakipita mlango mwembamba. Bonde la mto Yordani na Bahari ya Chumvi, tunalolisoma katika Biblia, limekaa juu ya ufa wa namna hiyo. Hata tetemeko lililoipiga Uturuki na Syria Februari 6, 2023 na kuua zaidi ya watu 50,000 lilitokana na kupishana huko.

Namna ya tatu ndiyo yetu. Huku kwetu mabamba yanaachana. Upande wa mashariki, penye pwani yetu, unavutwa kuelekea Bahari ya Hindi, na upande wa magharibi unabaki nyuma. Kwa hiyo video ile haikusema uongo mtupu. Lakini haikusema mwendo wenyewe ni kiasi gani. Katika sehemu zetu hizi ni kama milimita 3 kwa mwaka. Ukucha wa kidole chako cha mkono hukua kiasi hicho kwa mwezi mmoja. Mtu akiishi miaka 70, katika maisha yake yote bonde litakuwa limepanuka kama shubiri moja. Afrika kugawanyika kweli, bahari ikaingia katikati, ni jambo la mamilioni ya miaka. Mjukuu wa mjukuu wako atalima Magugu bila kuiona bahari hiyo.

Sasa utauliza: kama mwendo ni wa polepole hivyo, kwa nini ardhi iruke ghafla? Fikiria droo ya kabati iliyokwama. Unaivuta, haiji. Unaongeza nguvu, bado haiji. Unavuta tena, na mara inachomoka kwa kishindo, vijiko vinaruka, nawe unarudi nyuma hatua mbili. Mkono wako ulikuwa ukivuta muda wote, ila mbao zilishikana. Ndivyo ilivyo kwenye nyufa za chini. Mabamba yanavutwa kila siku, lakini miamba pande mbili za ufa imeshikana kwa ukali wake. Nguvu inajilimbikiza mwaka hata mwaka, pengine mamia ya miaka. Siku inapozidi mshiko, miamba inateleza kwa sekunde chache, na mtikisiko unasambaa pande zote. Hilo ndilo tetemeko.

Ukitaka kuona jinsi bonde lenyewe lilivyotokea, chukua vipande vitatu vya sabuni ya mche, uvipange pamoja kama vitabu, uvibane kati ya viganja viwili. Kisha legeza viganja kidogo. Kipande cha katikati kinashuka, vya pembeni vinabaki juu. Waonyesheni watoto jambo hili siku ya kufua. Wataelewa kwa nini wazee wetu wa shule waliliita Bonde la Ufa.

Toka nje utazame

Wewe uliye Babati huhitaji kitabu. Tazama upande wa magharibi. Ukienda Dareda unaukuta ule ukuta mrefu wa mlima ambao gari hupanda likiunguruma kwenda Dongobesh na Mbulu. Ukipita Magara, ni ukuta huo huo. Ukifika Mto wa Mbu kwenda Karatu, unapanda tena ukuta, na Ziwa Manyara linabaki chini kama sahani. Mahali pote hapo unapanda pembeni mwa ufa. Juu ni kipande cha sabuni kilichobaki, chini ni kile kilichoshuka.

Ukuta ule haukushuka siku moja. Ulishuka hatua kwa hatua, na hatua nyingi zilikuja na tetemeko. Watu wa Subukia nchini Kenya walishuhudia hatua moja ya namna hiyo Januari 6, 1928. Tetemeko kubwa liliipasua ardhi na kuacha ngazi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, upande mmoja umeshuka na mwingine umebaki.

Na milima yetu? Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, na Kwaraa ulio jirani na mji wetu, yote ilitokana na volkeno. Pale gamba la dunia linapovutwa na kuwa jembamba, mawe yaliyoyeyuka hupata njia ya kupanda. Ndiyo maana tuna maji ya moto kando ya Ziwa Manyara. Ndiyo maana pia maji ya visima vingi vya Manyara na Arusha yana madini ya floraidi kupita kiasi, yanayowatia watoto wetu meno ya rangi ya kahawia. Yale meno ni alama ya volkeno za zamani, wala si uchafu wa mtoto, hivyo tusiwacheke.

Hata yale matetemeko ya 2007 yaliyonikimbiza mimi yalitokana na mambo haya mawili kwa pamoja. Karibu na mlima Gelai, kandokando ya Ziwa Natron, mawe yaliyoyeyuka yalijipenyeza ardhini kama ukuta mwembamba, yakaisukuma miamba pande mbili, na nyufa zikateleza. La Julai 17 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na hadi Nairobi watu walitoka kwenye majengo marefu. Mapema Septemba mwaka huo Ol Doinyo Lengai ukalipuka.

Mwaka huo huo wataalamu walikuwa wameweka vipimo katika maeneo yetu. Vilinasa mitetemo midogo mingi kusini mwa Ziwa Manyara, mingi yake ikitoka kati ya kilomita 20 na 40 chini ya ardhi. Karibu yote hatukuisikia. Tulikuwa tunapika na kulea, na ardhi chini yetu ikifanya kazi yake.

Tusidhani basi kwamba ni midogo siku zote. Mei 1964 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 6 lilipiga upande wa Mbulu. Desemba 13, 1910 lilitokea la ukubwa wa 7.4 upande wa Rukwa, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Mjue kwamba hesabu hizi haziongezeki kama hesabu za sokoni. Kutoka 5 kwenda 6, nguvu inayotolewa huongezeka kiasi cha mara 30.

Je, ni hukumu?

Hapa namjibu mama mkwe wa yule mama, kwa heshima zote, shikamoo yake.

Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang vikafunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Siku zile tulisikia kila neno. Wengine walisema mlima umelipuka, wengine walisema ni tetemeko, wengine wakaanza kutafuta nani amekosa nini. Wataalamu wa serikali walipopima walisema si volkeno wala tetemeko. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ikanyonya maji mengi, ikameguka. Akina mama waliofiwa pale walihitaji blanketi, uji na mtu wa kukaa nao. Hawakuhitaji kuambiwa kwamba wameadhibiwa.

Bwana Yesu mwenyewe alilitaja jambo kama hili. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, naye akauliza kama watu walidhani hao walikuwa na makosa kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akakataa. Sisi wauguzi tunafanya vivyo hivyo. Mgonjwa wa malaria akiletwa hatumwulizi ametenda dhambi gani, tunamtibu na kutafuta mbu anazaliana wapi. Toba ni njema kila siku, nayo haingoji ardhi itikisike. Lakini tukisema tetemeko ni hukumu tukaishia hapo, hatutaangalia ukuta wa nyumba, na ukuta ndio unaoua.

Kinachoua ni nyumba

Septemba 10, 2016, siku ya Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri hivi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu 17 walikufa na zaidi ya 400 wakaumia. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Angalieni ukubwa wake: ni ule ule wa Gelai mwaka 2007. Lakini la Gelai lilipiga nyika yenye watu wachache, na la Kagera lilipiga penye nyumba nyingi za matofali.

Kuta zinazoanguka upesi ni zile za tofali mbichi, au za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, zisizofungwa pamoja. Ardhi inapokwenda kushoto na kulia, kila ukuta unacheza peke yake, pembe zinaachana, kisha ukuta unalala, na paa linafuata.

Kwa hiyo, mama, siku mnapojenga, usikae jikoni ukidhani ni mambo ya baba na fundi. Uliza maswali haya. Je, lenta inazunguka nyumba nzima bila kukatika, au imewekwa juu ya milango na madirisha tu? Je, nondo zimepindwa na kushikana kwenye pembe? Je, tofali za pembeni zimepishana, ukuta mmoja ukaingia ndani ya mwenzake? Je, dirisha limesogezwa mbali na pembe ya nyumba? Je, kenchi zimefungwa kwenye lenta, au zimekalia tu? Fundi mzuri hatachukia. Lenta ya kuzunguka ni kama mkanda kiunoni: nyumba inatikisika ikiwa kitu kimoja.

Wasio na uwezo wa kujenga upya, na ndio wengi wetu, wana kazi ya jioni moja tu. Ondoeni mawe mliyoweka juu ya bati kuzuia upepo, mpigilie misumari ya kutosha. Sogezeni vitanda mbali na ukuta wenye ufa, na visikae chini ya rafu. Kabati refu lifungwe ukutani. Na juu ya kabati, akina mama, pasiwe na sanduku.

Dakika ile yenyewe

Hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Ujumbe wa simu ukikuambia “usiku wa leo saa nane,” huo ni uongo, usiusambaze. Taarifa za kweli hapa nchini hutolewa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania pamoja na serikali. Kwa kuwa siku haijulikani, maandalizi ni ya kila siku.

Kwanza, gawaneni watu. Mama anashika mtoto mchanga. Baba anamshika bibi. Mtoto mkubwa anamshika mdogo wake mkono. Kila mmoja ajue wake kwa jina. Baba akiwa safarini, mgawanyo ubadilike siku hiyo hiyo. Haya ndiyo niliyokosa mimi mwaka 2007.

Pili, jueni nyumba yenu. Kama ni ya matofali imara yenye lenta na bati, usikimbie huku na huku ardhi ikicheza, maana wengi huumia mlangoni na kwenye ngazi. Piga magoti chini ya meza imara, au jikunyate sakafuni kando ya kitanda mbali na dirisha, mtoto kifuani, kichwa chake chini ya kidevu chako, mkono mmoja juu ya kisogo chako. Ukiwa kitandani usiku, jifunike kichwa kwa mto. Mjamzito asijitupe kifudifudi, apige magoti na kuinama. Lakini kama nyumba ni ya udongo yenye kuta nene au paa zito la udongo, na mlango uko hatua chache, mshike mtoto utoke mara moja, ukae mahali peupe mbali na ukuta, nyaya za umeme na miti mikubwa. Anayeishi chini ya mlima kama Dareda au Magara aangalie pia mawe yanayoporomoka.

Wasomaji wetu wa pwani nao wana lao. Desemba 26, 2004, tetemeko la chini ya bahari huko Indonesia lilileta mawimbi hadi huku kwetu, na watu wapatao 10 walikufa Dar es Salaam. Ukiona bahari imerudi nyuma ghafla kuliko kawaida ya maji kupwa, usiende kuokota samaki. Chukua watoto mpande juu.

Tatu, wekeni vitu vitatu karibu na kitanda: tochi, viatu na mbeleko. Tochi, kwa sababu umeme utakatika. Viatu, kwa sababu vioo vitakuwa sakafuni. Mbeleko, kwa sababu mtoto akiwa mgongoni mikono yako yote miwili ni huru kuwasaidia wengine.

Likishapita

Tetemeko kubwa mara nyingi hufuatwa na madogo, pengine kwa siku nyingi. Msirudi kulala ndani ya nyumba yenye ufa mpya mpana au ukuta ulioinama, hata kama usiku ni wa baridi. Zima moto wa jiko. Funga mtungi wa gesi, na ukisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala koroboi.

Aliyeangukiwa na ukuta asivutwe kwa mikono kama gunia. Kama anasema mgongo au shingo inauma, mnyanyueni watu wanne kwa pamoja, amenyooka, juu ya mlango au ubao. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia hadi mfike kituoni. Mfupa uliovunjika ufungwe pamoja na kipande cha mti ulionyooka, wala msijaribu kuurudisha. Mtu aliyebanwa mguu kwa saa nyingi, mwiteni mhudumu wa afya awepo kabla ya kumtoa, maana mguu ukiachiwa ghafla sumu huweza kurudi mwilini na kudhuru moyo na figo.

Msisahau jeraha lisiloonekana. Mtoto aliyeogopa atakojoa kitandani, atakataa kulala peke yake, atakushika sketi mchana kutwa. Usimchape. Mweleze kwa maneno mepesi kilichotokea. Mwonyeshe zile sabuni tatu. Mtoto huogopa zaidi kitu kisicho na maelezo, na sisi wakubwa tuko vivyo hivyo.

Nilimalizaje?

Kabla ya kuandika ukurasa huu nilimwita binti yangu, ambaye sasa ni msichana mkubwa, nikamsimulia jioni ile ya Arusha. Nilitetemeka kuliko siku ya mtihani wangu wa uuguzi. Alinisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo. Nilingoja aniulize kwa nini nilimwacha. Badala yake akageuka akatazama mlango wa chumba changu, akasema, “Mama, mbona na sasa kuna masanduku mawili juu ya kabati lako?”

Ni kweli, yalikuwepo. Miaka yote hiyo nilibeba aibu, na masanduku nikayaacha pale pale. Tuliyashusha usiku ule ule, mimi na yeye, tukayasukuma chini ya kitanda. Baba yake alipouliza kuna nini, tulimpa mgawanyo wake: yeye anamshika bibi.

Wiki iliyofuata nilimtembelea yule mama mjamzito. Ana nyumba ya tofali za kuchoma, ndogo na safi. Tulizunguka ukuta pamoja, tukakuta pembe moja imeachana kidogo, akaahidi kumwonyesha mumewe na fundi. Mama mkwe wake alikuwepo. Nilimsalimu, nikamwonyesha zile sabuni tatu. Alizibana mwenyewe kwa viganja vyake, akalegeza, cha katikati kikashuka. Akacheka, akasema, “Kumbe ndivyo.” Kisha akamwambia mkwewe kwamba mtoto akizaliwa, wakati mama anaoga, atakayemshika ni yeye.

Ardhi yetu itaendelea kutembea, milimita zake 3 kila mwaka, tukiwa tumelala na tukiwa tumeamka. Hatuwezi kuizuia. Lakini jioni ya leo, kabla ya sala na kuzima taa, inueni macho mtazame kilicho juu ya vitanda vya watoto. Kisha muulizane mezani, kila mmoja kwa zamu: likija, utamshika nani?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda, na lile somo letu la kuhara nililoahirisha.